Sony Sugar Hawakumalizwa na Mabao, Walimalizwa na Doh

Kama umewahi kupanda mat pale Rongo ukielekea Migori, hiyo njia unaijua. Matrekta yamejaza miwa mpaka yanayumba, nduthi zinapita katikati kama hazina breki, na ukifika Awendo harufu ya kiwanda inakusalimia kabla konda hajamaliza kuitisha fare. Hapo Awendo kuna uwanja unaitwa Green Stadium. Wasee wenye wako na miaka 25 kuenda juu wanajua ulikuwa wa nani: Sony Sugar, mabingwa wa ligi kuu ya Kenya 2006.

Si mabingwa wa kaunti (kaunti hata hazikuwa zimeanza). Wa Kenya nzima. Timu ya kijiji cha sukari ilibeba taji mbele ya Gor, Ingwe, Tusker na hao wote wa Nairobi.

Miaka 13 baadaye, mwishoni mwa 2019, hiyo timu ilitupwa nje ya ligi katikati ya msimu. Na hapa ndio nataka uskize vizuri, juu wengi husema tu "Sony walishuka." Hawakushuka. Kushuka ni ya timu imecheza mechi zote ikapigwa. Sony walikosa kufika uwanjani, wapinzani wakapewa ushindi wa mezani, na ilipofika mechi ya tatu wamekosa, sheria ikawakata. Matokeo yao yakafutwa kwa jedwali kama hawakuwahi kuwa. Ligi ya timu 18 ikaendelea na 17. Korona ilipokuja 2020 na msimu ukavunjwa, Gor walipewa ubingwa wa hiyo ligi ya 17, na waliokuwa mkiani walikuwa Chemelil, tena timu ya kiwanda cha sukari.

Sasa jiulize. Timu ya mabingwa inakosaje kufika uwanjani? Hawakusahau siku ya mechi. Ilikuwa doh ya kuwafikisha, doh ya kulala hoteli, na wachezaji wenye wamechoka kuitwa kazini bila mshahara.

Ili uelewe hiyo hesabu lazima uanze na kiwanda, si mpira. South Nyanza Sugar ni ya serikali, ilianzishwa miaka ya 70, na timu ilikuwa kama idara moja ya kiwanda. Sukari ikitembea, mshahara wa wachezaji unatembea, basi liko na mafuta, mambo ni fiti. Hakuna mtu aliuliza timu yenyewe inatengeneza pesa wapi, juu jibu lilikuwa pale nyuma linatoa moshi.

Shida ni kwamba kiwanda chenyewe kilianza kusota. Mkulima wa Kamagambo anapeleka miwa, anangoja malipo mwezi, miezi, anachoka. Si kuna Sukari Industries upande wa Ndhiwa? Si kuna Trans Mara? Hao ni wa kibinafsi na mkulima anaenda kwa mwenye analipa haraka. Huwezi mlaumu, karo ya mtoto haingoji. Lakini kila trekta likikata kona kuelekea Ndhiwa, Awendo wanabaki na miwa kidogo, sukari kidogo, pesa kidogo. Jiweke mahali pa meneja wa kiwanda mwisho wa mwezi. Wakulima wanadai, wafanyakazi wanadai, stima inadaiwa, KRA wanapiga simu, mashine inataka spea. Halafu kocha amesimama mlangoni na karatasi ya safari ya Mombasa. Nani analipwa mwisho?

Kwa hivyo ukiona straika amekosa mshahara Awendo, anza kutafuta sababu kwa shamba la miwa. Huko ndiko ilianzia.

Lakini Sony walikuwa na mguu wa pili wa kusimamia, na huo ulivunjika mwaka huohuo.

Unakumbuka Julai 7, 2019? Everton walikuja Kasarani wakacheza na Kariobangi Sharks, ikaisha 1-1, Sharks wakashinda kwa penalti. Mtaa ulilipuka. Everton walikuwa na SportPesa kifuani, ligi yetu ilikuwa inaitwa kwa jina la SportPesa, Gor na Ingwe wote jezi ni SportPesa. Ilikaa kama tumeomoka. Mwezi huohuo vita ya ushuru na leseni kati ya serikali na kampuni za kamari ikachacha, na Agosti SportPesa wakaondoa udhamini wote Kenya. Ligi ikaanza bila mdhamini. Ile ruzuku vilabu vilikuwa vinapata kutoka kwa ligi ikakauka. Gor na Ingwe angalau wako na mashabiki wa kuchangishana. Sony walikuwa na kiwanda. Na kiwanda nimekwambia kilikuwa aje.

Na si kwamba hatukuwa tumeonywa. Januari 2018, ushuru wa kamari ulipofika asilimia 35, SportPesa walikuwa washatangaza wanaacha udhamini wa hapa nyumbani, ingawa walirudi baadaye. Huku nyumbani walikata, lakini jezi ya Everton haikubanduliwa. Ulipaswa kujua siku hiyo sisi tuko namba gani kwa laini. Na kabla ya hao, 2017, SuperSport walihepa na kamera zao, baada ya ligi kuongezwa kutoka timu 16 hadi 18 kwa vita ya wadosi wa mpira. Mdhamini wa runinga alisema mkataba si huu tulisaini, akaenda. Baada ya SportPesa akaja BetKing, 2020, shilingi bilioni 1.2 kwa miaka mitano. Mwaka mmoja hivi, 2021, naye akachomoka.

Hebu tufanye hesabu ya huyo BetKing juu hiyo bilioni ilitangazwa ikakaa kubwa sana. Bilioni 1.2 gawa kwa miaka mitano ni milioni 240 kwa mwaka. Gawa kwa timu 18, hata tukiamini kila shilingi ilifika kwa klabu na hakuna mtu alikula njiani, ni kama milioni 13 kwa timu. Kwa mwezi ni milioni moja na kidogo. Sasa tuseme uko na wachezaji 25 na kila mmoja unamlipa 30,000, pesa ya keja na chakula tu. Hiyo ni 750,000. Bado hujalipa kocha, daktari, mtu wa jezi. Bado hujaenda Mombasa na kurudi. Bado hujalala. Kufika katikati ya mwezi uko kwa deni, na huo ni ule mwezi mzuri wenye mdhamini amelipa kwa wakati.

Ati geti? Poa, twende geti. Tuseme umeingiza watu 1,000 kwa soo mbili kila mmoja. Ni laki mbili. Toa polisi, toa ambulensi, toa watu wa tiketi, toa wale majamaa kumi na tano wenye huingia na "mimi ni wa kamati." Unabaki na pesa ya chai na mandazi.

Vuka mpaka hapo Sirari uone vile wengine wanafanya. Tanzania, 2021, Azam walisaini mkataba wa runinga wa miaka kumi, zaidi ya bilioni 225 za huko. Ukigawa tu sawa kwa timu 16 (hawagawi hivo, mwenye amemaliza juu anapata zaidi, lakini ni kwa hesabu yetu), ni zaidi ya milioni 60 za Kenya kwa timu kwa mwaka. Kumbuka ya BetKing ilikuwa 13, na haikumaliza hata miaka miwili.

Na kitu kingine. Hata Tanzania wako na timu za sukari. Mtibwa Sugar walibeba ligi 1999 na 2000. Wakashuka 2024. Kagera Sugar wakashuka 2025. Lakini walishuka kwa kupigwa mpira, mechi zote wakacheza, wachezaji wakaonekana kwa runinga kila wiki, mwenye ako na kipaji akachukuliwa na timu ingine. Timu ikishuka hivyo inaweza kupanda tena. Mtibwa walirudi baada ya msimu mmoja. Mchezaji wa Sony 2019 hakupata hiyo nafasi. Mabao yake ya msimu huo yalifutwa kwa rekodi. Ukienda kutafuta timu mpya unaambia kocha nini, kwamba ulifunga lakini haihesabiwi?

Usidhani ni sisi tu. Mwaka huohuo wa 2019, Agosti 27, Uingereza kwenyewe, Bury walifukuzwa kwa ligi juu ya pesa. Klabu ya 1885, imeshinda Kombe la FA mara mbili, ikatupwa nje hivyo. Mashabiki wa Arsenal na Man U wenye wako Rongo hawakujali sana, na naelewa. Lakini kama inatokea nchi yenye mpira ni bizna ya mabilioni, basi shida si umaskini peke yake. Ni timu kutegemea mfuko mmoja ambao si wake. Bury walikuwa na mwenye klabu asiye na hela ya kutosha, Sony walikuwa na kiwanda na kampuni ya kamari.

Sasa tuje kwa ile sehemu inauma, na hii ndio sababu nimeandika hii stori. Klabu ikiwa na madeni, nani analipwa?

Angalia Ingwe. Kocha wao Mnyarwanda, Casa Mbungo, aliondoka mwishoni mwa 2019 akidai mishahara. Akaenda FIFA. FIFA wakasema alipwe, na baadaye AFC Leopards wakafungiwa kusajili wachezaji. Angalia Gor. 2023 walishinda ligi, lakini hawakupata leseni ya kucheza Ligi ya Mabingwa Afrika juu ya madeni ya makocha na wachezaji wa zamani. Kenya ikakaa bila timu kwa hayo mashindano. Mabingwa kejani wanaangalia runinga kama mimi na wewe. Ikafika mahali K'Ogalo na Ingwe lazima watafute pesa, juu FIFA wakifunga dirisha la usajili hakuna mheshimiwa wa kupigia simu.

Umeona hao wadai ni akina nani? Wageni. Mesi za FIFA ni za kesi zenye zimevuka mpaka: kocha wa nje, mchezaji wa nje, klabu ya hapa. Mgeni akikosa kulipwa anaandika barua Zurich, na Zurich wako na fimbo. Wewe wa Rongo, Mkenya unadai klabu ya Kenya, hiyo barua yako haiendi huko. Kesi yako ni ya hapa nyumbani, kwa shirikisho ama kwa lile jopo la mizozo ya michezo lililoundwa na sheria ya michezo ya 2013. Huko hauchezi na fimbo kama ile, na unahitaji fare ya Nairobi, wakili, na muda. Klabu nayo inajua. Kwa hivyo klabu ikipata milioni mbili leo na inadaiwa na Mjerumani mmoja na wachezaji kumi wa Nyanza, hiyo pesa iko na njia yake tayari.

Mimi sioni ubaya kwa mgeni kulipwa. Alifanya kazi. Naona ubaya kwa mfumo wenye deni la mwenyeji linaweza kukaa mpaka lisahaulike, halafu klabu inapewa leseni msimu unaofuata kama kawaida. Hiyo leseni ndio ingekuwa fimbo yetu. Shirikisho linaweza kusema hivi: hakuna klabu inacheza Agosti kama haijaonyesha risiti za mishahara ya msimu uliopita, za wenyeji na za wageni. Wajerumani hufanya hivyo, klabu inaonyesha vitabu vya pesa kabla ya msimu ama haichezi. Huku kwetu tunauliza kwanza mwenyekiti ni wa mrengo gani.

Kuna hela pia hatuchukui juu hatuna karatasi. FIFA wako na kanuni kwamba mchezaji akiuzwa nchi hadi nchi, mpaka asilimia tano ya bei inagawiwa timu zenye zilimlea kati ya miaka 12 na 23. Msimu mmoja wa umri wa miaka 16 kuenda juu ni nusu asilimia. Victor Wanyama alipotoka Celtic kuenda Southampton 2013 bei ilikuwa pauni milioni 12.5. Nusu asilimia ya hiyo ni pauni 62,500, zaidi ya milioni nane za Kenya kwa kiwango cha wakati huo. Kwa msimu mmoja wa kulea! Timu ya mtaa pale Rongo ingenunua basi. Lakini lazima timu iwe imesajiliwa na mchezaji awe na rekodi, na sisi tunasajili vijana kwa karatasi ya daftari, kocha akipoteza daftari historia imeisha.

Kwa hivyo wewe mwenye uko Rongo Varsity ama umemaliza shule na kuna jamaa anakwambia njoo usaini, uliza maswali yenye wazazi wetu hawakujua kuuliza. Mshahara unatoka kwa nani: klabu, kampuni, mheshimiwa, ama mtu wa kamari? Huyo mtu akihepa kesho mkataba unasema nini? Nakala yako iko wapi, juu mkataba wenye uko kwa droo ya meneja peke yake si mkataba wako. Uliza wachezaji wa msimu uliopita walilipwa mwezi wa ngapi mara ya mwisho. Hao watakwambia ukweli, wako tu base wanapiga stori. Na jua hii: kanuni za FIFA zinasema mchezaji mwenye hajalipwa mishahara ya miezi miwili anaweza kuandikia klabu barua, awape angalau siku 15, na wasipolipa anavunja mkataba akiwa na sababu halali. Barua, si WhatsApp ya saa sita usiku. Weka nakala. KEFWA, chama cha kutetea wachezaji wa Kenya, kipo kwa kazi ya aina hiyo. Ingia kabla ya shida.

Ukiangalia ligi sahizi utaona nani wamebaki juu. Mabingwa wa 2025 ni Kenya Police. Kuna KCB, kuna Bandari, kuna Ulinzi. Timu za taasisi zenye mshahara uko kwa bajeti ya mtu mwingine. Nzoia Sugar walishuka 2024. Mara Sugar wakapanda mwaka huohuo, tena jina la sukari kwa ligi kuu. Nawatakia mema, na nawaombea wawe wameandika mahali fulani itakuwa aje sukari ikikataa kutembea.

Awendo nako mambo yamebadilika. Mei 2025 serikali ilikodisha kiwanda cha Sony kwa Busia Sugar, pamoja na vingine vitatu vya serikali vyenye vilipewa kampuni zingine. Gumzo la mitaani lilikuwa miwa, kazi, na malimbikizo ya wakulima na wafanyakazi. Mkataba ni wa miaka 30. Mtoto wa gredi ya nne mwenye anapiga mpira wa juala leo Kamagambo atakuwa ashastaafu soka kabla uishe.